Mpangaji Ametoka Juzi: Je, Nyumba Hiyo Bado ni Mpya kwa Ruzuku ya Australia?

Tuseme umepata nyumba magharibi mwa Sydney, bei dola 590,000. Nyasi za mbele ndiyo kwanza zinashika ardhi, mashine ya kuoshea vyombo bado ina stika ya dukani, na dalali anakuhakikishia kwamba jengo halijatimiza mwaka tangu lipate cheti cha kuruhusu watu kulikalia. Kisha anaongeza, kama anayetaja jambo la kando, kwamba mpangaji wa miezi sita ametoka juzi na pameshasafishwa vizuri.

Wewe hujawahi kumiliki nyumba Australia. Serikali ya jimbo la New South Wales inatoa ruzuku ya dola 10,000 kwa mtu anayenunua nyumba yake ya kwanza, mradi nyumba yenyewe iwe mpya na bei isizidi dola 600,000. Je, utaipata?

Hupati. Yule mpangaji wa miezi sita ameondoka na ruzuku yako.

Jibu ni fupi kiasi hicho, lakini wanunuzi wengi hulifikia baada ya kuweka sahihi, tena wakiwa wameshaziweka zile dola 10,000 kwenye hesabu zao. Tatizo si uzembe. Serikali ya taifa na serikali za majimbo kila moja ina kipimo chake cha upya wa nyumba, na vipimo hivyo vinaweza kupingana juu ya nyumba ileile, ndani ya mkataba uleule.

Tuanze na kipimo cha ruzuku. Kwa New South Wales, nyumba mpya ni ile ambayo haijawahi kukaliwa kama makazi wala kuuzwa kama makazi. Ofisi ya mapato ya jimbo, Revenue NSW, inafafanua zaidi: kukaliwa kunahusu mjenzi mwenyewe, mpangaji au mtu mwingine yeyote. Hapo hakuna swali la jengo lina miaka mingapi, wala rangi imepigwa lini. Kinachoulizwa ni mambo mawili tu: je, kuna mtu ameshaishi humu? Je, kuna mtu ameshainunua kama nyumba ya kuishi?

Matokeo yake yanaweza kushangaza. Nyumba iliyokosa mnunuzi ikakaa tupu na kufungwa miaka mitatu, buibui wamejaa kwenye pembe za dari, inahesabiwa mpya. Nyumba iliyomalizika Januari ikapangishwa Februari peke yake haihesabiwi. Na ipo ya tatu ambayo watu huisahau: mwekezaji ameinunua kwa kampuni ya ujenzi, amekabidhiwa funguo, hakuipangisha wala kulala humo hata usiku mmoja, sasa anaiuza. Hiyo nayo imekwisha upya wake, kwa sababu imeshauzwa mara moja. Ukisikia tangazo linasema haijawahi kukaliwa, jua limejibu swali moja kati ya mawili.

Majimbo mengine yana fedha tofauti lakini mantiki yao inakaribiana. Victoria inatoa dola 10,000 kwa nyumba mpya isiyozidi dola 750,000. Queensland ilipandisha ruzuku yake kutoka dola 15,000 hadi 30,000 kwa mikataba iliyosainiwa kuanzia tarehe 20 Novemba 2023, na ukomo wa kiwango hicho ukasogezwa hadi tarehe 30 Juni 2026. South Australia inatoa hadi dola 15,000, na tangu Juni 2024 haina tena ukomo wa bei. Australian Capital Territory, yaani Canberra na vitongoji vyake, ilifuta ruzuku hiyo kabisa mwaka 2019. Kwa hiyo unapomuuliza ndugu aliyeko Logan au Toowoomba alivyofanya yeye, kumbuka anakusimulia sheria ya Queensland. Ukiwa Blacktown, magharibi mwa Sydney, haikusaidii sana.

Sasa tuje kwenye kiini cha mkanganyiko. Ruzuku ya nyumba ya kwanza na kodi ya bidhaa na huduma, ile wanayoiita GST, zilizaliwa siku moja: tarehe 1 Julai 2000. Kodi mpya ya asilimia 10 ilikuwa inapandisha gharama za ujenzi, hivyo serikali zikatoa dola 7,000 kwa mnunuzi wa mara ya kwanza ili kupoza makali. Ni pacha, lakini kila mmoja amekua na tabia yake.

Sheria ya GST ya mwaka 1999, kifungu cha 40-75, inasema nyumba ni makazi mapya ikiwa haijawahi kuuzwa kama makazi, au imetokana na ukarabati mkubwa, au imejengwa kuchukua nafasi ya nyingine iliyobomolewa. Kukaliwa na mpangaji hakuifuti sifa hiyo papo hapo. Inafutika pale tu nyumba inapokuwa imetumika kwa kupangisha, na kupangisha tu, kwa muda wa angalau miaka mitano. Na kama mwenye nyumba amepangisha huku akiendelea kuitangaza kwamba inauzwa, muda huo hauhesabiwi kwenye ile mitano.

Irudishe sasa ile nyumba ya dola 590,000. Kampuni iliyoijenga ilikosa mnunuzi, ikaipangisha miezi sita ili ipate kulipa riba ya benki, na sasa inaiuza. Machoni pa ofisi ya kodi ya taifa hayo bado ni makazi mapya na GST inadaiwa. Tangu tarehe 1 Julai 2018, mnunuzi wa makazi mapya ndiye anayekata kodi hiyo kwenye malipo na kuipeleka ofisi ya kodi mwenyewe: kwa kawaida moja ya kumi na moja ya bei, au asilimia 7 pale kodi inapokokotolewa kwenye tofauti ya bei ya kununulia na ya kuuzia. Mkataba wa mauzo una kisanduku cha jambo hilo, na kwenye nyumba yetu hiyo kimewekewa alama ya ndiyo.

Mnunuzi anakiona kisanduku. Mkataba, hati ya kisheria iliyoandaliwa na wanasheria, unaichukulia nyumba kuwa mpya. Anapeleka maombi ya ruzuku kwa moyo mweupe, na Revenue NSW inamkatalia kwa sababu kuna mpangaji aliyekaa humo. Mnunuzi anahisi amedanganywa. Hakuna aliyemdanganya. Kisanduku kile kilikuwa kinajibu swali la taifa la kodi, na maombi yake yalikuwa yanajibu swali la jimbo la ruzuku. Kwangu mimi huu ni uandaaji mbaya wa sheria. Nchi inayoweza kumtumia mtu ujumbe wa simu kumkumbusha miadi ya daktari wa meno ingeweza kuchapisha mstari mmoja wa onyo pembeni mwa kisanduku hicho.

Kwa nini basi majimbo yakawa makali hivi juu ya mpangaji? Mwanzoni hayakuwa. Ruzuku ya mwaka 2000 ilikwenda kwa nyumba yoyote, mpya au kuukuu. Mwaka 2008, dunia ilipotikiswa na msukosuko wa benki, serikali ya waziri mkuu Kevin Rudd iliongeza fedha kwa muda: mnunuzi wa nyumba iliyokwisha tumika akawa anapata jumla ya dola 14,000, wa nyumba mpya dola 21,000. Lakini kumpa kila mnunuzi fedha ya ziada huku idadi ya nyumba ikibaki ileile kuna kasoro moja kubwa. Wanunuzi wote wanakwenda mnadani na kiasi kilekile cha ziada, na kinachopanda ni bei. Fedha ya umma inapita mkononi mwa kijana na kutua mfukoni mwa muuzaji.

Ndipo majimbo yakaanza kujitoa upande wa nyumba kuukuu. New South Wales na Queensland ziliacha Oktoba 2012, Victoria ikafuata Julai 2013, nyingine baadaye. Tangu hapo kusudi la ruzuku limekuwa kuchochea ujenzi: fundi apate kazi, na idadi ya nyumba iongezeke. Ukiitazama hivyo utaona kwa nini mpangaji anaharibu. Nyumba iliyokwisha kupata mpangaji imeshaingia kwenye hesabu ya nyumba za watu kuishi, na wewe kuinunua hakuongezi hata chumba kimoja mjini. Huenda hukubaliani na hoja hiyo, lakini angalau sasa unajua siyo chuki dhidi ya wapangaji.

Maswali yanayofuata ndiyo yanayoumiza vichwa.

La kwanza: vipi kama mpangaji huyo ni mimi mwenyewe? Umepanga nyumba mpya kabisa, wewe ndiye wa kwanza kufungua bomba, na mwaka mmoja baadaye mwenye nyumba anakuuzia. Watu hudhani hapo pana huruma, maana hakuna mgeni aliyepita humo. Kipimo hakiulizi mpangaji ni nani. Siku unanunua, nyumba imeshakaliwa, na aliyeikalia alikuwa mpangaji. Mipango ile ya kupanga kwanza na kununua baadaye, inayopigiwa debe sana mitandaoni, inaweza kukugharimu ruzuku hata kama kila kitu kingine ndani yake ni halali. Jihadhari pia na muuzaji mkarimu anayekupa funguo mapema, kabla mauzo hayajakamilika, uanze kukaa kwa malipo kidogo. Kabla hujapokea funguo hizo, pata jibu la maandishi kutoka ofisi ya mapato ya jimbo lako.

Kwenye jengo la ghorofa, kila fleti inapimwa peke yake. Majirani zako wote wanaweza kuwa wapangaji wa mwaka mzima na fleti yako ikabaki mpya, ilimradi hiyo yako haijakaliwa wala kuuzwa. Nyumba ya maonyesho nayo, ile ambayo kampuni huipamba ili wateja waje kuona, bado haijakaliwa kama makazi, hata kama watu elfu wamepita sebuleni na kujaribu makochi. Shida ni kwamba nyumba hizo mara nyingi huuzwa mapema kwa mwekezaji, ambaye huipangisha kampuni hiyohiyo iendelee kuitumia kwa maonyesho. Ukija kununua kwa mwekezaji huyo, uuzaji wa kwanza umeshapita.

Ajabu zaidi ni nyumba ya miaka hamsini iliyokaa wapangaji ishirini na bado ikapata ruzuku. Inawezekana, kwa mlango wa ukarabati mkubwa, na hapa sheria ya ruzuku imeazima kipimo cha GST moja kwa moja. Lazima jengo lote, au karibu lote, liwe limeondolewa au kubadilishwa, ingawa si lazima kugusa msingi, kuta za nje, kuta za ndani zinazobeba uzito, sakafu, paa au ngazi. Kisha, baada ya ukarabati huo, isiwe imekaliwa wala kuuzwa. Jiko jipya na rangi hazitoshi. Bafu mbili mpya nazo hazitoshi, hata kama muuzaji ana risiti ya vigae vya Italia. Wauzaji wanapenda sana kulitumia neno ukarabati, kwa hiyo mtake aonyeshe kwa karatasi kwamba uuzaji wake unatozwa GST kama makazi mapya. Akishindwa, rudi kwenye hesabu yako na ufute ile ruzuku.

Upande wa pili wa swali ni kupangisha baada ya kununua, na watu huuchanganya na ule wa kwanza. Umenunua nyumba iliyo mpya kweli, ruzuku umepewa, lakini mkataba wako wa pango kule unakoishi haujaisha. Unaweza kumweka mpangaji kwa miezi michache? Hapo swali haliko tena kwenye upya wa nyumba. Liko kwenye sharti la wewe mwenyewe kuishi humo. Kwa New South Wales, tangu tarehe 1 Julai 2023 unatakiwa uhamie ndani ya miezi 12 tangu kukamilika kwa mauzo au ujenzi, na ukae miezi 12 mfululizo. Aliyepangisha miezi minne ya mwanzo kisha akahamia na kukaa mwaka mzima hajavunja sharti hilo. Queensland imekuwa kali zaidi kwenye punguzo la ushuru wa stempu, ule ambao jimbo humtoza anayenunua nyumba: kupangisha kabla hujahamia kunaweza kukuondolea punguzo. Asiyehamia kabisa hurudisha ruzuku pamoja na adhabu.

Usidhani hawatajua. Kwa kawaida mpangaji halali huweka bondi, yaani dhamana ya pango, ambayo kwa New South Wales haizidi pango la wiki nne, na bondi hiyo haikai kwa mwenye nyumba. Inawekwa kwenye taasisi ya serikali, ikiwa na anwani ya nyumba na tarehe. Ofisi za mapato hulinganisha rekodi hizo na orodha ya waliopewa ruzuku, na huongezea bili za umeme na daftari la wapiga kura. Mtu amedai anaishi nyumba fulani, na bondi ya mtu mwingine ipo kwenye anwani hiyohiyo: hapo hahitajiki hata mpelelezi.

Lakini tusilie sana juu ya dola 10,000, kwa sababu nyumba iliyokwisha kaa mpangaji haijafungiwa kila msaada. Wanunuzi wengi wakishakataliwa ruzuku hudhani wamekosa vyote, na wengine huikimbia nyumba nzuri kwa ajili hiyo. Kwa New South Wales, mnunuzi wa mara ya kwanza hasamehewi ushuru wa stempu kwa sababu nyumba ni mpya. Anasamehewa kwa kuwa ni wa mara ya kwanza. Nyumba hadi dola 800,000, mpya au kuukuu, haina ushuru kwake, na kutoka hapo hadi dola milioni moja anapata punguzo. Kwa nyumba ya dola 590,000, ushuru aliosamehewa unazidi dola 20,000. Kwa maneno mengine, kile kilichobaki ni zaidi ya mara mbili ya kile kilichopotea.

Serikali ya taifa nayo ina mpango wa kumdhamini mnunuzi mwenye asilimia 5 tu ya bei mkononi, ili benki isimdai bima ya mkopo. Ulianza Januari 2020 ukiwa na nafasi chache. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025 hauna tena ukomo wa nafasi wala wa kipato, ingawa kila eneo bado lina ukomo wake wa bei. Nyumba iliyokwisha tumika inakubalika. Upo pia mpango wa umiliki wa pamoja, Help to Buy, ambao sheria yake ilipita Bungeni Novemba 2024. Huko serikali inachangia hadi asilimia 40 ya bei kwa nyumba mpya na hadi asilimia 30 kwa nyingine. Hapo mpangaji aliyetangulia anaweza kukupunguzia mchango, lakini hakufukuzi mlangoni.

Wasomaji wetu waliofika Australia kutoka Kigoma, Kakuma, Bukavu au Bujumbura huuliza jambo jingine: je, nyumba niliyoiacha nyumbani, au kiwanja nilichojengea wazazi, kinanitoa kwenye kundi la mara ya kwanza? Kwa ruzuku za majimbo kinachotazamwa ni nyumba ndani ya Australia. Lakini mume au mke wako naye anatazamwa, hata kama jina lake halimo kwenye mkataba. Na lazima angalau mwombaji mmoja awe raia au mkazi wa kudumu, kundi ambalo aliyepewa viza ya kudumu ya ukimbizi yumo.

Walioko Kanada wana fundo linalofanana na hili. Huko msaada unakuja kama marejesho ya sehemu ya kodi iliyolipwa kwenye nyumba mpya, na jimbo la Ontario nalo hurudisha sehemu ya kodi yake. Sharti ni kwamba mtu wa kwanza kuishi humo awe mnunuzi mwenyewe au ndugu yake wa karibu. Aliyenunua fleti na kumweka mpangaji kwanza anapoteza marejesho hayo, ila sheria imemwekea mlango mwingine: marejesho ya mwenye nyumba ya kupangisha, kwa masharti yake, likiwemo la pango la angalau mwaka mmoja. Wengi wamefika hadi mahakama ya kodi kwa sababu walijaza fomu ya kwanza wakati nyumba zao zilistahili ya pili.

Turudi Sydney, kwa dalali wako. Kabla ya sahihi, andika anwani ya nyumba kwenye tovuti za realestate.com.au na Domain uone kama iliwahi kutangazwa kupangishwa. Tangazo la zamani lenye pango la wiki na picha za jikoni halifutiki kirahisi. Omba tarehe ya cheti cha kukaliwa, na kama kuna mwanya wa miezi mingi kati ya tarehe hiyo na leo, uliza nani alikuwa humo. Mwambie mwanasheria wako aingize kwenye mkataba tamko la muuzaji kwamba nyumba haijawahi kukaliwa na mtu yeyote wala kuuzwa kama makazi, na kwamba tamko likigundulika si kweli muuzaji atakulipa kiasi cha ruzuku uliyoikosa. Muuzaji mwenye nyumba mpya kweli hana cha kupoteza kwa kusaini. Mwenye mpangaji aliyetoka juzi ataanza kuzungumza habari za punguzo la bei, na hapo wewe taja dola 10,000.